Shajara ya mradi: reki ya kukokotwa kwenye ekari 36 za hei, Kongwa

Hali ya kuanzia

Shamba liko wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Ekari 36 za Cenchrus ciliaris, nyasi za malisho zinazokaushwa kuwa hei, zimegawanywa vitalu vinne vya ekari tisa. Vitalu A, B na C viko kwenye kichanga chekundu. Kitalu D kimeshukia mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi kikiingia. Zana ni trekta la nguvu farasi 50, mashine ya kukatia ya ngoma mbili yenye upana wa mita 1.65, mashine ya kufunga marobota madogo kwa kamba ya katani, na sasa reki ya kukokotwa yenye magurudumu manane ya meno, manne kila upande, yaliyopangwa kama herufi V.

Misimu iliyopita nyasi zilikusanywa kwa reki za mkono. Shida haikuwa kukosa vibarua. Shida ni kwamba nyasi za kitalu kizima zinatakiwa kukusanywa ndani ya saa mbili au tatu za asubuhi, na Dodoma saa hizo zikipita jani limekuwa unga. Reki imenunuliwa kwa sababu hiyo, wala si kwa kuwa inapunguza jasho.

Maneno mawili yatajirudia. "Mkeka" ni nyasi zilizolala nyuma ya mashine ya kukatia. "Mstari" ni mikeka kadhaa iliyokusanywa pamoja na reki, tayari kwa mashine ya marobota.

Reki ya aina hii haina gia wala haichukui nguvu kutoka PTO, shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Kila gurudumu la meno lina kipenyo cha mita 1.4 na meno 40 ya waya wa springi. Limekaa mshazari kwa mwendo wa trekta, kwa hiyo likigusa ardhi au nyasi huzunguka lenyewe, na linapozunguka husukuma nyasi pembeni kwa gurudumu linalofuata, hadi zote zinatokea katikati nyuma. Trekta linavuta tu na kutoa mafuta ya haidroliki ya kufungua na kukunja mikono miwili ya V. Hata trekta la nguvu farasi 30 lingeimudu. Ubaya wake unatoka palepale penye uzuri: kitu kinachozungushwa kwa kugusa ardhi kitazoa na ardhi yenyewe, usipokizuia.

Siku ya 1 na 2: kuunganisha

Reki ilifika kwenye kreti, vipande vipande. Kosa la kuangaliwa mapema ni kubadilisha magurudumu ya kushoto na ya kulia. Ncha za meno zimepinda. Gurudumu likizunguka, ncha zinatakiwa zielekee nyuma, kinyume na upande linakozungukia, ili nyasi ziteleze na kuachia. Likifungwa kinyume, ncha zinatangulia: zinachimba, zinanasa nyasi na kuzipandisha hadi juu badala ya kuzisukuma pembeni. Likiwa limesimama huoni tofauti. Kipimo chake ni kuikokota reki mita mbili kwenye ardhi tupu na kutazama ncha zinavyoondoka ardhini. Magurudumu mawili ya upande wa kulia yalikuwa yamefungwa kinyume, yakageuzwa kabla ya kwenda shambani.

Bolti nyingi ni za spana 19. Zote zilifungwa kwa vidole kwanza, fremu ikasimama kwenye matairi yake mahali tambarare, ndipo zikakazwa. Anayekaza moja moja kadiri anavyojenga hubaki na mkono mmoja uliojipinda, na magurudumu ya upande huo hayatagusa chini sawasawa hata springi zikirekebishwa mara ngapi. Baada ya saa ya kwanza ya kazi zikazwe tena, na mara nyingine mwisho wa siku. Rangi mpya iliyo chini ya washa husagika, nati ikabaki inacheza.

Fremu lazima iwe bapa kutoka mbele hadi nyuma. Pima maji ya fundi mwashi inatosha. Ikiinama mbele, magurudumu ya mbele yanachimba na ya nyuma yanaelea. Ikiinuka mbele, kinyume chake. Drobaa ya trekta, chuma cha nyuma cha kuvutia zana, ilikuwa juu kwa sentimita 7, kwa hiyo kipande cha kuunganishia kwenye ncha ya reki kilishushwa matundu mawili. Pini ya kuunganishia ina kipini chake cha kuzuia isichomoke, na mnyororo wa usalama umefungwa pembeni. Msumari uliopindwa haukubaliki kama mbadala wa kipini. Barabara ya kwenda kitalu C ina mashimo ya kutosha kuuchomoa.

Matairi mawili ya reki yajazwe upepo sawasawa, kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Moja likipungua, upande mzima wa V unashuka na kuanza kuchota udongo, na dereva atahangaika na springi kumbe kasoro iko kwenye tairi. Gundi ya kuziba pancha ilitiwa ndani ya yote mawili kwa sababu ya miiba ya migunga.

Haidroliki: vichwa vya mipira vifutwe kwa kitambaa safi kabla ya kuchomekwa, kila mara, na vikichomolewa vivikwe vifuniko vyake. Vumbi la Dodoma likiingia kwenye mafuta hutafuna sili za jeki, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, na sili ikilika, mkono wa reki unashuka wenyewe barabarani. Mikono ilifunguliwa na kukunjwa mara tano taratibu kutoa hewa, kisha mafuta ya trekta yakaangaliwa upya na kuongezwa. Wakati huo mtu asisimame kati ya mikono wala nyuma yake. Injini ikiwa imezimwa lakini pini ya kufungia mikono haijaingia, hesabu kwamba mkono unaweza kuanguka.

Mwisho wa siku meno yalihesabiwa: 320. Namba hiyo imeandikwa kwa rangi kwenye fremu. Sababu iko kwenye ingizo la siku ya 14.

Siku ya 3: kusafisha kitalu

Vichuguu viwili vilisawazishwa, visiki vya migunga vilikatwa chini ya usawa wa udongo, mawe yaliyozidi ukubwa wa ngumi yaliondolewa. Jiwe dogo la bapa ni baya kuliko kubwa. Kubwa dereva analiona na kulikwepa. Dogo linasukumwa na meno kutoka gurudumu hadi gurudumu, linaingia kwenye mstari, na kituo chake ni kisu cha mashine ya marobota.

Ukingoni kote iliachwa nafasi ya mita 10. Reki ya V haigeuki pafupi, na haiwezi kurudi nyuma magurudumu yakiwa chini. Ukirudisha nyuma hata hatua moja, meno yanapinda kuelekea mbele, na jino lililopinda ukilinyoosha hudumu siku chache tu kabla ya kukatika palepale.

Siku ya 4: kukata kitalu A

Mvua zimekatika. Umande ulikauka saa 3 asubuhi, ukataji ukaanza hapo na kumalizika saa 7 mchana. Masuke mengi yametoka na ya chini yameanza kupukutisha mbegu, yaani tumechelewa kidogo kwa ubora. Ungekata Februari au Machi ungepata jani lenye protini zaidi, lakini ungekuwa unaanika katikati ya mvua. Mwisho wa Aprili na nusu ya kwanza ya Mei ndiyo maafikiano ya huku.

Sampuli tatu za mita moja ya mraba zilikatwa kwa mundu kwa urefu uleule wa mashine. Wastani ni gramu 620 mbichi na gramu 250 baada ya kukaushwa kabisa. Hiyo ni tani 2.5 za nyasi kavu kwa hekta, kama tani moja kwa ekari.

Mashine ya kukatia imewekwa sentimita 10 kutoka chini. Wengi hupenda kukata chini zaidi kwa kuhofia kuacha mali shambani. Kwa nyasi za vishada kama Cenchrus hesabu hiyo inageuka: shina la chini halina lishe kubwa, kishada kilichonyolewa kinachelewa kuchipua, na mabaki mafupi hayabebi mkeka. Mkeka ukilala juu ya mabaki ya sentimita 10, hewa inapita chini yake na meno ya reki yanaweza kuupata bila kugusa udongo. Kazi safi ya reki inaamuliwa na aliyekata.

Ngoma mbili zinaacha mkeka mwembamba, kama sentimita 90, katikati ya kila mita 1.65. Mikeka mitatu kwa hiyo inachukua mita 4.2 kutoka ukingo hadi ukingo. Reki imefunguliwa mita 4.6 mbele, sentimita 20 za ziada kila upande. Nyuma imeachwa mwanya wa mita 1.1, kwa sababu mdomo wa mashine ya marobota ni mita 1.5 na mstari unatakiwa uwe mwembamba kuliko mdomo, ili dereva aweze kuyumba kidogo bila kuacha nyasi pembeni.

Jioni zilirekebishwa springi. Kila gurudumu linaning'inia kwa springi yenye skrubu ya kukazia, na kazi ya springi ni kupunguza uzito unaofika ardhini. Gurudumu liwe jepesi kiasi kwamba mtu analiinua kwa mkono mmoja bila kujikaza, likiachiwa lishuke na kugusa tu. Kisha kokota reki mita 20 mahali pasipo na nyasi, urudi kutazama nyayo. Mikwaruzo hafifu iliyokatikakatika ni sawa. Mfereji unaoonekana ukiwa umesimama wima ni uzito umezidi. Gurudumu lisilozunguka kabisa ni jepesi mno, au kitovu chake kimekaza. Magurudumu ya mbele hapa yalihitaji mizunguko minne ya skrubu, ya nyuma miwili.

Siku ya 5: jaribio la alasiri

Maelekezo mengi ya hei yameandikwa kwa nchi zenye mvua na unyevu, na yanasema subiri umande ukauke ndipo uburute reki. Mikeka mitatu tu ya kitalu A iliburutwa saa 8 mchana ili kupata kipimo cha kulinganisha. Nyuma ya reki lilisimama wingu la kijani. Hilo si vumbi la ardhi. Ni majani yaliyosagika. Shina lilikuwa bado linapindika bila kukatika, kumbe jani limeshakauka kabisa, kwa sababu jani ni jembamba na hupoteza maji mbele ya shina. Jua la Mei hapa si kali sana, ila hewa ya mchana ni kavu na upepo haukosi.

Siku ya 6: alfajiri, kitalu A kilichobaki

Kazi ilianza saa 12 na nusu, umande ukiwa bado unalowesha kiatu. Kwa nini alfajiri: jani limenyonya unyevu kidogo usiku na limelainika, kwa hiyo linapigwa na jino bila kuvunjika. Shina haliongezeki maji kwa umande wa usiku mmoja kiasi cha kuharibu hei. Na reki inageuza nyasi: tumbo la mkeka, lililokuwa bado kijani na baridi, linakuja juu, mstari ukiwa umetifuka unapitisha hewa, na umande unapotea kabla ya saa 4.

Mwendo ulipimwa kwa vigingi viwili vilivyoachana mita 100. Sekunde 60 ni kilomita 6 kwa saa, sekunde 45 ni kilomita 8, sekunde 36 ni kilomita 10. Usiamini saa ya mwendo ya trekta lenye matairi yaliyolika. Hapa gia iliyotoa sekunde 46 ndiyo iliyochaguliwa. Chini ya kilomita 6 magurudumu ya nyuma yalikuwa yanasitasita na kuacha vishungi. Karibu na 10 nyasi zilianza kusokotana.

Hesabu ya kazi: mita 4.6 kwa kilomita 8 ni hekta 3.7 kwa saa kwenye karatasi. Ukitoa robo kwa kugeuka, kunyanyua na kusimama kuondoa nyasi kwenye vitovu, inabaki hekta 2.8, karibu ekari saba. Kitalu cha ekari tisa kilichukua saa moja na dakika 20, na saa 2 asubuhi reki ilikuwa imekunjwa. Mashine ya kukatia inahitaji takribani saa nne kwa eneo lilelile, na ya marobota saa tatu, kwa hiyo reki si kikwazo tena kwenye mnyororo huu. Kikwazo sasa ni dereva mmoja na trekta moja.

Trekta lilielekea upande uleule ambao mashine ya kukatia ilielekea kwenye mikeka hiyo. Nyasi zimelala na masuke upande mmoja. Reki ikienda kinyume inachomeka meno kwenye mashina yaliyokatwa na kuyazungusha pamoja.

Unyevu ulipimwa saa 6 mchana kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya lita moja yenye mdomo mpana, kata nyasi vipande vifupi ujaze nusu, tia vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango, funga, tikisa dakika tatu. Chumvi ikishikana au ikiganda kwenye nyasi, unyevu umezidi asilimia 15. Ikibaki inamwagika kama mchanga, funga marobota. Nyasi zichukuliwe katikati na chini ya mstari, zisiwe za juu. Mara ya kwanza chumvi ilishikana. Saa 7 na nusu ilimwagika.

Mstari ulikuwa na kama kilo 1.2 kwa mita. Robota la kilo 15 basi hutoka kila mita 12.5, na mashine ya marobota ikienda kilomita 4 kwa saa hiyo ni robota moja kila sekunde 11. Kitalu A kilitoa marobota 571.

Baada ya kufunga, mabaki yalikusanywa ndani ya fremu ya mita moja ya mraba sehemu zote mbili. Palipoburutwa alasiri palikuwa na gramu 41 za majani yaliyovunjika. Palipoburutwa alfajiri gramu 18. Tofauti ya gramu 23 kwa mita ya mraba ni kilo 93 kwa ekari, na kilo hizo ndizo jani, sehemu ambayo ng'ombe huitafuta kwanza kwenye hori.

Siku ya 7: kipimo cha udongo

Kilo moja ya hei ya mstari ilisuuzwa kwenye ndoo, maji yakaachwa yatulie, tope likakaushwa na kupimwa: gramu 34. Ni nyingi mno. Nyayo zilionyesha ni magurudumu mawili ya mbele kushoto. Tairi la kushoto lilikuwa limepungua upepo. Likajazwa, springi hizo mbili zikaongezwa mzunguko mmoja.

Udongo mwekundu wa Kongwa hushikana kama tofali mvua zikikatika, na kichanga chake husugua chuma. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza hapa mwaka 1947 na kufutwa 1951 ulikumbana na udongo huohuo, na zana zake zilikuwa nzito kuliko hizi. Jino la reki linaloparuza ardhi hii kutwa linaisha ncha ndani ya msimu, huku likichanganya mchanga kwenye chakula. Meno ya ng'ombe nayo yanalipa.

Siku ya 9 na 10: kitalu B

Nyasi hapa ni nzito zaidi na palikuwa na ukanda wa fiwi uliojiotea pembeni. Mstari ulianza kutoka ukiwa umesokotwa kama kamba. Chanzo ni mambo mawili kwa pamoja: nyasi ndefu bado mbichi upande wa chini, na mwendo wa kilomita 8. Mstari uliosokotwa ni mgumu kukauka katikati, na mashine ya marobota inaumeza kwa mafungu, pini ya usalama ikikatika. Mwendo ulishushwa hadi kilomita 6.5 na mwanya wa nyuma ukafunguliwa hadi mita 1.3. Ilisaidia kwa kiasi. Sehemu iliyobaki iliahirishwa hadi alfajiri ya siku ya 10, na huko hapakuwa na kamba tena. Kurekebisha mashine hakufidii nyasi ambazo siku yake haijafika.

Ukanda wa fiwi uliburutwa peke yake siku moja mbele ya nyasi, majani yakiwa yamenyauka lakini bado yanakunjika kiganjani. Jamii ya kunde hupukutisha majani upesi kuliko nyasi, na ukisubiri zikauke pamoja unafunga marobota ya vijiti.

Marobota kadhaa yalitoka yamepinda kama ndizi. Hilo mara nyingi hulaumiwa kwa mashine ya kufungia. Hapa mstari wenyewe ulikuwa mnene upande wa kulia, kwa sababu dereva alikuwa anaubana mkeka wa kulia kwenye ukingo wa reki na kuacha nusu ya wa kushoto nje. Kigingi kidogo cha bomba kilifungwa kwenye bampa ya mbele kama shabaha. Mkeka wa katikati upite chini yake. Baada ya hapo marobota yalinyooka.

Gurudumu la tatu kulia lilisimama mara mbili. Kamba ya katani ya msimu uliopita ilikuwa imejizungusha kwenye kitovu. Gurudumu lililosimama hugeuka plau: linasukuma nyasi na udongo mbele yake. Dereva atazame nyuma kila anapomaliza mstari na kuhesabu manane yanayozunguka. Vitovu hupewa grisi kila saa 8 za kazi, pampu mbili au tatu. Ikizidi inatoka nje, inashika vumbi na kuwa msasa.

Siku ya 12: kitalu C, upepo

Upepo wa kusini-mashariki ulianza saa 4 na kuifumua mistari iliyokaa kuukinga. Mistari iliyolala kufuata upepo haikuguswa sana. Kitalu C kitakatwa kwa mwelekeo huo msimu ujao tangu mkeka wa kwanza, maana reki haina hiari, inafuata mikeka. Bati za mviringo za kuzuia upepo zilichongwa na fundi wa kuchomelea na kufungwa nyuma ya meno ya magurudumu manne ya mbele. Bila bati, upepo unapitisha nyasi nyepesi katikati ya meno na kuziacha nyuma.

Siku ya 14: kitalu D, mbugani

Siku mbaya. Nyufa za udongo mweusi zina upana wa vidole viwili hadi vitatu na hazina mwelekeo mmoja, kwa hiyo kubadili upande wa kuendesha hakusaidii. Jino linazama kwenye ufa, gurudumu linaendelea kuzunguka, jino linakatika. Kufikia ekari ya tatu meno 11 yalikuwa yamekatika.

Kazi ilisimamishwa, springi zote zikakazwa hadi ncha zikaning'inia sentimita 2 juu ya udongo. Hapo magurudumu yanazungushwa na nyasi peke yake, na yanazunguka pale tu mkeka ni mnene. Mwendo ukashushwa hadi kilomita 5. Ekari nne zilikwenda vizuri hivyo, bila jino lingine kukatika. Ekari mbili za mwisho zilikuwa na nyasi chache mno, zikamaliziwa kwa reki za mkono. Msimu ujao D ikatwe kwanza, nyufa zikiwa bado hazijafunguka, na kwa urefu wa sentimita 12 badala ya 10.

Vipande vya meno ndiyo hatari yenyewe. Ng'ombe hatafuni kwa makini kama mbuzi kabla ya kumeza. Kipande cha waya kinashuka, kinakaa kwenye tumbo la pili, na misuli ya tumbo inaposukuma kinaweza kutoboa ukuta na kuelekea moyoni. Ndiyo maana ya ile 320 kwenye fremu. Meno yanahesabiwa reki ikiingia na ikitoka kwenye kitalu. Vipande tisa kati ya 11 vilipatikana kwa sumaku ya spika chakavu iliyofungwa kwenye fito na kupitishwa juu ya mistari ya eneo hilo. Viwili havikupatikana. Marobota 46 ya sehemu hiyo yamepakwa rangi nyekundu na yatatumika kama matandiko, si chakula.

Siku ya 17: kufunga hesabu na kuhifadhi

Marobota: A 571, B 588, C 540, D 402. Jumla 2,101, yakiwamo yale 46 mekundu. Kila robota linakula kamba kama mita 5.2 kwa mizunguko miwili, yaani karibu kilomita 11 za katani kwa msimu. Kipimo cha ndoo kwa hei ya kitalu C, baada ya tairi na springi kurekebishwa: gramu 12 za udongo kwa kilo. Kwa D hakikufanyika.

Kurudisha reki ghalani kulihitaji kupita kipande cha barabara kuu ya Dodoma na Morogoro upande wa Kibaigwa. Mikono ilikunjwa na pini zake kuingizwa, kitambaa chekundu kikafungwa kwenye gurudumu linalojitokeza zaidi kila upande, mwendo usiozidi kilomita 20, na mchana tu. Malori ya njia hiyo hayatarajii meno ya chuma kwenye usawa wa kioo.

Kabla ya kuegesha: nyasi zote zilitolewa kwenye vitovu kwa kisu, vitovu vikapewa grisi hadi ile chafu ikatoka, springi zikalegezwa, fimbo za jeki zikafichwa ndani ya silinda ili zisishike kutu wala vumbi, na fremu ikawekwa juu ya magogo ili matairi yasibebe uzito. Matairi yamefunikwa magunia. Jua la Septemba na Oktoba linapasua mpira kuliko kazi.

Akiba iliyobaki ni meno tisa. Yanaagizwa 30, beringi za vitovu viwili, na pini za usalama za mashine ya marobota kumi. Kwenye gurudumu la tatu kulia kuna mchezo wa milimita kadhaa ukilishika juu na chini na kulitikisa. Kitovu hicho kifunguliwe mvua zikianza, trekta likiwa kwenye kulima.